Kofia Ambayo Haimo Kitabuni

Shuleni kila mtu anamwita Bibi Gundi, hata mwalimu mkuu akiwa na haraka humwita hivyo hivyo mbele ya wageni. Kazi yake ni stoo. Anatoa vitabu, anavipokea tena vikiwa vimechanika, anavilaza mezani na kuvitibu. Ana sindano mbili kubwa, uzi wa kushonea magunia, kopo la gundi, brashi iliyonyonyoka manyoya, na tofali moja lililofungwa gazeti la kukandamizia vitabu vikauke bila kujikunja. Vidole vyake vina magamba ya gundi mwaka mzima. Ukimpa mkono utaondoka na kipande.

Usidhani alizaliwa na vitabu. Utotoni shule aliisikia tu. Alikuwa na miaka thelathini na moja, mfagizi wa shule hiyo hiyo, siku alipoegemea ukuta wa ofisi apumzike kidogo, akageuka na mgongo mzima wa kijani. Karibu na sikio lake palikuwa pamebandikwa karatasi: USIEGEMEE, RANGI MBICHI. Walimu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye alirudi nyumbani amevimba kwa hasira, na wiki hiyo hiyo akajiandikisha darasa la jioni la watu wazima. Aliyemfundisha alikuwa mwalimu mkavu, hana mzaha, hana madoido. Herufi hii ina sauti hii. Hii na hii zikishikana zinatoa hii. Haya, unganisha. Umekosea, rudia. Miezi minne baadaye akasimama mbele ya tangazo la chanjo kwenye geti la zahanati, akalisoma lote peke yake, akalia palepale kama mtoto mdogo, watu wakidhani amepewa habari mbaya.

Mtu kama huyo, aliyepata kusoma kwa jasho lake, ndiye aliyekuja kufanyiwa haya ninayosimulia. Nikiyakumbuka damu inanichemka.

Ana mjukuu, mtoto wa binti yake anayefanya kazi mbali. Msichana wa miaka tisa, darasa la tatu, mdomo wake haujui likizo, ndiyo maana anaitwa Chiriku. Wanaishi wawili tu, chumba na sebule, na utani wao ni wa kutwa.

"Mke mwenzangu," bibi humwambia, "leo vyombo ni zamu yako."

"Zamu yangu ilikuwa jana, mke mkubwa. Usinionee kwa sababu mimi ndiye ninayependwa."

Sasa, muhula huo akaja mtaalamu. Alikuja na mkoba mweusi, tai iliyokaza shingo, na boksi la tepe za rangi. Akawakalisha walimu ukumbini siku mbili akawaambia kwamba watoto wamezaliwa makundi matatu. Kuna mtoto wa macho, huyo asome kwa picha. Kuna mtoto wa masikio, huyo asomewe. Na kuna mtoto wa mikono, huyo asisumbuliwe na vitabu kabisa, maana akili yake iko vidoleni. Walimu wakaandika, wakapiga makofi, wakapewa cheti kila mmoja.

Kisha ikaja zamu ya kupima watoto. Kipimo chenyewe kilikuwa maswali kumi. La kwanza: ukipewa chungwa, unaliangalia, unalitikisa usikie, au unalishika? Chiriku akajibu kwamba analishika, analimenya, analila, na mbegu anamtemea mwenzake. Akafungwa utepe mwekundu mkononi. Mtoto wa mikono. Dakika tano! Daktari anayekupima homa anachukua muda mrefu kuliko huo.

Wiki mbili baadaye mtoto akaja nyumbani na fomu. Bibi akavaa miwani akaisoma wima, mkono mwingine umeshika mwiko. Fomu ilisema kwamba kuanzia muhula ujao mwanafunzi huyu atahamia kundi la mikono, atafanya udongo, shanga na ususi, na hatapewa vitabu vya kusoma ili asichoshwe. Mzazi au mlezi aweke sahihi hapa, kabla ya kufunga shule.

"Ala!" Mwiko ukagonga sufuria. "Asichoshwe? Nani kawaambia umechoka?"

"Sijachoka, bibi. Mimi najua kusoma. Mimi ndiye ninayeongoza darasa!"

Na kweli, alikuwa akiongoza. Bibi mwenyewe alimsikia mara nyingi kupitia dirisha la stoo, sauti ya mjukuu wake ikipanda juu ya wenzake thelathini na saba. Kwa hiyo hasira yake ya kwanza ilikuwa hasira ya mtu mwenye ushahidi. Akamkalisha mtoto mezani, akamwekea kitabu cha darasa la tatu, hadithi ya mbuzi wa jirani, akasema, "Soma. Nataka niwe nayo masikioni kesho nikiingia ofisini kwa mwalimu mkuu."

Chiriku akasoma kama anakunywa maji. Mbuzi akakata kamba, akavuka ua, akafika mlangoni. Mbuzi akaingia ndani, akaona kofia mpya ya baba juu ya kiti, akaila yote, ukingo na utepe wake. Baba akamkimbiza mbuzi na fagio. Jirani akacheka mpaka akakaa chini. Mtoto alikuwa anafunua kurasa, anaweka kituo, anabadilisha sauti ya baba na ya jirani. Ungemsikia ungempa zawadi.

Bibi Gundi hakumpa zawadi. Alikuwa anakitazama kitabu.

"Hebu rudia pale pa kofia," akasema taratibu. "Nionyeshe kwa kidole."

Chiriku akaweka kidole kwenye ukurasa wa kumi na mbili, akasoma habari za kofia. Ukurasa wa kumi na mbili una mbuzi mlangoni. Mkabala wake ni ukurasa wa kumi na saba, jirani anacheka. Kofia haimo. Kofia haimo kitabuni hata kidogo, na hakuna mtu duniani aliyejua hilo kuliko mwanamke huyu.

Ilikuwa hivi. Miaka sita nyuma pini za vitabu hivyo zilishika kutu, na karatasi za katikati zikaanza kuchomoka. Bibi Gundi akang'oa pini zote, vitabu arobaini, akapanga karatasi za katikati fungu lake pembeni, kesho yake aanze kushona kwa uzi. Kesho yake akakuta mafundi rangi wameingia stoo wakati wa likizo, na lile fungu wamelifutia brashi, karatasi zote, zimekuwa matambara ya bluu. Kila karatasi ina kurasa nne, kumi na tatu mpaka kumi na sita. Alipiga kelele siku hiyo hadi mafundi wakashuka ngazini. Akaandika taarifa kwa mkono wake, akampelekea mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akaitia kwenye faili akasema, "Shona hivyo hivyo, mama. Hadithi yenyewe fupi." Nakala nzima ikabaki moja tu, ya mwalimu wa darasa, ambayo siku ile haikuwa stoo.

Kumbe miaka sita hiyo kila mwalimu anayelishika darasa hilo anasoma kwenye nakala ile nzima, watoto wanaitikia, wanaitikia, mpaka imeingia kichwani kama wimbo. Wakifunua vitabu vyao wanaimba. Wakifika mahali ambapo karatasi haipo, wanaimba vilevile.

Bibi akachukua kipande cha karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: PAKA ALIKULA KIATU CHA JIRANI. Maneno mepesi, ya kila siku. Akamwekea mjukuu wake.

Chiriku akatazama. Akatazama juu ya karatasi, pembeni, akaigeuza nyuma.

"Picha yake iko wapi, bibi?"

"Haina picha."

"Sasa nitajuaje inasema nini?"

Nakwambia, mwanamke yule aliumia. Alikuwa amejiandaa kumgombeza mwalimu mkuu kwamba mjukuu wake anajua kusoma, na mjukuu hajui hata kimoja. Miaka mitatu darasani! Miaka mitatu ya sare, ya madaftari, ya kuamka alfajiri! Na yeye mwenyewe, anayeshika vitabu kutwa, alikuwa dirishani anasikiliza wimbo na kujisifu. Alijikasirikia, kisha akawakasirikia wote waliobaki, na hasira hiyo ya pili ilikuwa kubwa zaidi.

Lakini hakukimbilia ofisini. Alijua angeambiwa ni bibi mmoja anayemtetea mjukuu mmoja. Kila Ijumaa vitabu huletwa stoo kukaguliwa, basi Ijumaa hiyo akasema kila mtoto wa darasa la tatu alete chake mwenyewe, mmoja mmoja, amsomee. Akafungua daftari. Watoto thelathini na nane waliingia. Thelathini na mmoja walimsomea habari za kofia kutoka kwenye kitabu kisicho na kofia. Mmoja aliongeza kwamba mbuzi alibeua. Halafu akawaonyesha kile kikaratasi cha paka na kiatu. Walioweza kukisoma walikuwa tisa.

Na tepe? Aliziandika pia, pembeni ya kila mtoto. Wale tisa walikuwa wa kijani, wa njano na wekundu, wamechanganyika tu. Akawauliza wamejuaje. Mmoja alifundishwa herufi na kaka yake, wawili walitoka shule nyingine, mmoja mama yake ana duka la dawa na humwambia amsomee maboksi. Kila mmoja wao kuna mtu alikaa naye, sauti kwa sauti, mpaka ikaeleweka. Wengine walipewa utepe tu.

Jumatatu akaenda na daftari lake kwa mwalimu wa darasa. Ni msichana mdogo, hana miaka mitatu kazini, mpole. Alipoona yale mahesabu akakaa kitini.

"Shikamoo bibi, sikukusalimia hata," akasema, macho yamejaa machozi. "Mimi nilikuwa najua."

"Marahaba. Ulikuwa unajua nini?"

"Chuoni tulifundishwa. Kwamba mtoto anaanza na sauti za herufi, anaunganisha, anasoma maneno ambayo hajawahi kuyaona, na unampima kwa maneno mapya, siyo kwa kitabu anachokijua. Haya mambo ya mtoto wa macho na mtoto wa masikio, watu wameyapima mara nyingi tu. Unawafundisha watoto kufuatana na kundi lao, na wengine kinyume na kundi lao, na hawapitani. Tulisoma hayo mwaka wa pili."

"Sasa?"

"Sasa darasa likisoma kwa pamoja linapendeza, bibi. Mkaguzi anafurahi. Na cheti cha semina kinatakiwa kwenye faili langu."

Bibi Gundi akafunga daftari lake. Mtu asiyejua unamwonea huruma, lakini huyu alijua!

"Mwanangu," akamwambia, "wewe una cheti, mimi nina mtoto wa miaka tisa anayetafuta picha nyuma ya karatasi. Nipe watoto wa tepe nyekundu wasiojua kusoma, saa ya mapumziko. Usimwambie mtu."

Wakaja sita, Chiriku akiwa mmoja wao. Stoo ikawa darasa. Hakukuwa na nyimbo, na udongo ulibaki ulipo. Alifanya kama alivyofanyiwa. Sauti hii, sauti hii, unganisha. Chiriku alilia wiki ya kwanza. Alikuwa malkia wa darasa, sasa anahangaika na maneno ya watoto wa chekechea.

"Kule nilikuwa najua," akalalamika. "Hapa sijui."

"Kule ulikuwa hujui pia. Hapa ndio unajua kwamba hujui. Unganisha."

"Wewe mke mwenza mbaya sana."

"Mbaya kabisa. Unganisha."

Ikapita wiki ya tatu, ya nne. Katika wiki ya saba aliwapima kwa vikaratasi vipya, hakuna hata kimoja walichowahi kukiona. Watano walisoma, taratibu, wakijikwaa, lakini wakasoma. Wa sita bado, na bibi akaandika bado, maana daftari lake halikuwa la kumfurahisha mkaguzi. Watano kati ya sita, wote wa mikono, wote wale ambao vitabu vingewachosha.

Siku ya wazazi ikafika, siku ya mwisho ya kurudisha fomu. Ukumbi ulijaa. Mtaalamu alikuwepo, tai ileile. Akaeleza makundi yake matatu, wazazi wakatikisa vichwa kwa heshima, kisha mwalimu mkuu akasema sasa tushuhudie matunda. Darasa la tatu likasimama na vitabu, likasoma habari za mbuzi wa jirani. Sauti moja, nzuri, ukumbi ukatetemeka. Mbuzi akala kofia. Wazazi wakapiga makofi, mama mmoja akafuta machozi.

Chiriku alikuwa mstari wa mbele. Alisoma mpaka mbuzi akafika mlangoni, akafunga mdomo. Wenzake wakaendelea na kofia, yeye kimya, anatazama ukurasa. Bibi yake alimwona kutoka nyuma ya ukumbi, alipokuwa amesimama na boksi lake la vitabu. Nadhani ni kimya kile kilichomtoa mahali pake. Mwalimu mkuu, aliyesikia habari za daftari lake, alikuwa ameshamwambia asubuhi kwamba asiseme neno.

Akapita katikati ya viti, akatoa kitabu kimoja kwenye boksi, akampa mtaalamu kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Samahani, mheshimiwa. Miwani yangu inanisumbua. Naomba utusomee pale mbuzi anapokula kofia."

Mtaalamu akatabasamu. Akafunua. Akarudi nyuma, akafunua tena. Tabasamu likabaki usoni halina kazi.

"Nakala hii ina kasoro," akasema.

"Pole. Chukua hii."

Akafunua ya pili. Akafunua ya tatu. Ukumbi ulianza kuguna. Baba mmoja akanyoosha mkono akachukua kitabu cha mtoto wake, akafunua. Mama wa nyuma naye akafanya vivyo hivyo. Ikawa ni kurasa tu zinasikika, kila mtu anatafuta kofia.

"Hamtaiona," Bibi Gundi akasema, na sasa adabu zilikuwa zimeisha. "Haimo kwa miaka sita. Watoto wenu wamewasomea karatasi ambayo mafundi rangi walifutia brashi! Na ninyi mmepiga makofi! Msinitukanie watoto hao, hawana kosa, wamefanya walichofundishwa. Mwulizeni huyu mwenye tepe, anayetaka kuwanyang'anya vitabu, alimpima mtoto gani kwa neno moja ambalo hajalikariri!"

Mtaalamu akasema kwamba suala hili linahitaji muktadha. Akatazama saa yake. Mwalimu wa darasa alisimama, akafungua mdomo, akakaa tena. Na mwalimu mkuu, unajua alisema nini? Akapiga meza. Akasema, "Nani amechana vitabu vya shule?"

Baadhi ya wazazi walikata zile tepe palepale, kwa meno. Wengine walitia sahihi, maana fomu ni fomu.

Jumatano barua ikaletwa stoo, ina muhuri. Bibi Gundi alikuwa na kitabu mkononi na gundi mpaka kwenye viwiko. Chiriku alikuwa amekaa juu ya boksi anakunja uzi. Bibi akaitazama bahasha, akajua ni nini.

"Nifungulie wewe," akasema. "Mikono yangu michafu. Nisomee."

Akageuza uso kwenye meza, asimtazame mtoto, asimsaidie. Alisikia karatasi inakunjuliwa.

"U-na-ta-ki-wa. Unatakiwa. Ku-e-le-za. Kueleza kwa ma-a-ndi-shi. Maandishi. Ndani ya siku saba." Pumzi. "Sababu za u-ba... u-ba-dhi... u-ba-dhi-ri-fu. Ubadhirifu wa vitabu vya shule." Akainua uso. "Bibi, ubadhirifu ni nini?"

Brashi ikasimama. Neno hilo mtoto yule hakuwahi kulisikia popote, nyumbani wala darasani. Hakuna aliyemwimbia, na karatasi haikuwa na picha. Alilitoa kwenye herufi zenyewe, peke yake, kipande kwa kipande.

"Ni kuharibu mali," bibi akasema.

"Wanasema wewe ndiye umeharibu?"

"Wanasema."

"Waongo!" Chiriku akaruka kutoka kwenye boksi. "Waongo wakubwa! Bibi, mbona unalia? Unacheka au unalia?"

"Soma mpaka mwisho, mke mwenzangu. Usiruke hata neno."

Akasoma mpaka mwisho, mpaka kwenye jina la mwalimu mkuu chini ya sahihi. Bibi Gundi akanawa mikono, akatoa kwenye mkoba ile fomu ya kundi la mikono, mahali pa sahihi bado peupe. Akaigeuza, akaandika majibu yake nyuma yake, kwa kalamu ya bluu:

Taarifa ya kurasa hizo niliiandika miaka sita iliyopita. Ipo ofisini kwako, kabati la kushoto, faili la pili kutoka chini. Naomba isomwe.

Akampa Chiriku apeleke. Mtoto akasimama mlangoni kwanza, akaisoma yote, kidole kikitembea chini ya kila neno, ndipo akaenda.